Chelezo cha Mtani Wangu

Nimezaliwa juu huko, upande wa Kitangari. Mama zetu walishuka bondeni alfajiri kufuata maji, wakapanda na ndoo moja jua limeshakuwa kali. Mtu aliyekulia hivyo hamwamini mwenye maji karibu. Sijisifu, ila ndivyo nilivyo: ukinichekea asubuhi, mpaka jioni nitakuwa najiuliza unataka nini.

Nilipooa kijijini Chiungutwa nikakuta mfereji unaotoka lamboni kwenda kwenye majaruba ya mpunga. Jumapili baada ya chakula wanaume tulikaa ukingoni tukishindana kuvua perege. Mshindani wangu mkubwa alikuwa Myao mmoja, mtani wangu, na ndiye pekee aliyenipokea pale ukweni. Hakuwahi kunisalimia. Akiniona tu: "We Mmakonde, umeoga leo, au maji mmeyaweka ya kunywa?" Nami namjibu kwamba kambale wa mfereji wana sura za ukoo wake. Akikuta mboga jikoni kwangu anabeba chungu kizima, mke wangu anacheka. Mtani haitwi mwizi. Akitaka kitu chako anakichukua mchana kweupe, huku anakutukana, na wewe unamtukana.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuja na malori yao, na nyuma yao yakaja marobota ya mitumba. Mtani akanunua koti la mvua, akakuta mfukoni kijiti chembamba kama chelewa, kichwa chake chekundu. Akakifunga kwenye mshipi wake wa kuvulia kiwe chelezo. Sisi wengine chelezo chetu kilikuwa kipande cha gunzi: likizama, unavuta. Chake hukioni, ila tone jekundu juu ya maji, na chini yake alikuwa amebana vitonge vitatu vyeusi kwenye mshipi. Alivuta samaki wakati sisi hatujaona kitu kinatikisika. Jumapili nne mfululizo alitushinda.

Nikaanza kumchunguza. Vile vitonge ni vya nini? Kwa nini vitatu? Na kwa nini anavishikashika kabla ya kutupa ndoano, midomo inachezacheza? Nikamuuliza. Akasema, "Dawa hiyo, Mmakonde. Nimekuloga." Akacheka mpaka akakohoa. Mwingine angecheka naye. Mimi nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako, tena huyu kakiri mwenyewe.

Jumapili ya tano aliegemeza ufito wake, akaenda kuswali alasiri. Nikakata mshipi, nikatia chelezo na vitonge vyake mfukoni, nikaondoka. Nilisikia baadaye kwamba aliingia mferejini na koti lake, akapapasa matope mpaka magharibi.

Nilikusudia kukichoma. Lakini kwanza nikajaza maji kwenye beseni, nione hiyo dawa inafanyaje. Bila vitonge, kililala ubavu kama kijiti chochote. Nikafunga na vitonge, kikasimama wima, kikabaki kichwa chekundu tu. Nikagusa mshipi kwa ukucha, kikacheza. Nikang'ata kitonge kimoja: risasi ya gobore. Basi, hakukuwa na kingine. Gunzi letu lilielea kwa nguvu mno. Perege alionja, akahisi linamvuta, akatema kabla hatujajua. Mke wangu akaniuliza kama siku hizi navua kwenye beseni. Nilikosa pa kuweka uso.

Asubuhi nilimpelekea. Alikuwa barazani anachambua korosho. Nikamwambia kweli yote, kwamba nilikichukua mimi, kwamba nilidhani ni dawa. Nilitaka anitukane, ukoo mzima, mpaka babu zangu.

Alikipokea, akakigeuzageuza kiganjani.

"Ungekinyakua mbele yangu ningecheka mwezi mzima," alisema. "Umengoja nikasujudu."

Kijiji hakikujua. Hakumwambia mtu, na mferejini aliendelea kukaa pale pale pake. Ila tangu siku hiyo tukikutana njiani husimama, akanipa mkono vizuri: "Habari za asubuhi, ndugu yangu. Nyumbani hawajambo?" Hawajambo, namjibu, halafu anakwenda zake. Chungu chetu hakijaguswa tena. Mara nyingine nimepita barazani kwake makusudi, nina matope mpaka magotini, na hajaniuliza kama nimeoga.