Kiti cha Msoma Njia

Gari lile nililikuta Oyugis, nyuma ya duka la nafaka, mbuzi wawili wamelala ndani yake. Lilikuwa la Kijapani, la milango miwili, la miaka ya sabini, na watu wa huko walilijua kwa namba yake tu: Wan-Siksti. Nilipokuwa mtoto Mombasa nilikuwa na picha ya gari la aina hiyo, limeruka tuta na magurudumu yote manne yako hewani, nimeikata gazetini nikaibandika ukutani kwa uji. Mwenye duka aliniuliza kama nalitaka pamoja na mbuzi. Nikamwambia mbuzi abaki nao, mimi nina wazimu wangu unanitosha.

Hii ilikuwa miaka ya tisini, nami niko Migori nasimamia duka la vipuri la mjomba wangu. Niliambiwa nakwenda kwa miezi michache. Mjomba aliponisahau, mji nao haukunikumbuka. Si kwamba watu walikuwa wabaya. Waliniita Jamombasa, yaani mtu wa Mombasa, wakanicheka ninavyosema "hebu" na "ati", wakanunua plagi na mikanda ya feni, wakaenda makwao. Msikitini tulikuwa wachache, wote wafanyabiashara, na imamu akishatoa salamu kila mmoja anatafuta viatu vyake akafungue duka. Chakula nilikula hotelini nimeelekea ukuta, kwa kuwa meza iliyobaki siku zote ilikuwa ile ya ukutani. Nilikuwa mpweke, na sina neno zuri zaidi la kulipamba jambo hilo.

Basi nikalishika gari. Uani nyuma ya duka nililivua mpaka likabaki ganda, nikakwangua kutu, nikachomelea sakafu mpya. Injini yake ya asili ilikuwa imekwisha, nikatia kubwa kuliko hiyo, iliyotoka kwenye pikapu ya ukoo uleule, nikachonga silinda hedi, nikaifungia kabureta mbili badala ya moja. Kuzilinganisha hizo kabureta ni kazi ya kumtia mtu uchizi: unaweka mrija wa mpira sikioni, unasikiliza pumzi ya hii na pumzi ya ile, mpaka zivute sawasawa. Springi za nyuma niliziongeza majani ya chuma, shokamsoba nikatia ngumu, na chini ya injini nikafunga bamba la chuma nililolipata kwenye kinu kibovu cha posho. Lilipokamilika lilisimama juu kama jogoo aliyeudhiwa. Ukilikanyaga mafuta pale stendi, mahindi ya kuchoma yanaanguka mikononi mwa watu.

Wakati huo palikuwa na mbio ndogo za wenye magari ya zamani, si mashindano ya kutangazwa redioni. Mnaondoka Migori, mnapita Rongo mpaka Homa Bay, mnarudi kwa njia ya Ndhiwa yenye udongo mweusi. Sharti kubwa lilikuwa moja: gari ni la watu wawili. Mmoja anaendesha, mwingine anakaa kushoto anasoma njia. Bila msoma njia huondoki.

Wangu nilimpata dukani kwangu, amekuja kutafuta kebo ya klachi. Alikuwa kijana wa ofisi ya barabara, mpimaji, ambaye kila kalvati ya wilaya ile alikuwa ameikanyaga kwa miguu yake. Jumapili baada ya Jumapili tulifanya mazoezi. "Kushoto kali, omera, halafu daraja nyembamba, usibreki, usibreki, wewe achia tu!" Omera kwao ni ndugu. Akikosea anacheka, nikikosea mimi anatukana kwa Kijaluo kisha anaomba msamaha kwa Kiswahili. Sikumwambia, lakini wiki nzima nilikuwa naingojea Jumapili. Mbio zenyewe, nikisema kweli, zilikuwa nyongeza. Nilichokitaka ni ile sauti ya kushoto.

Kisha akafa fundi cherehani wa baraza ya pili kutoka kwangu. Tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi, na yeye ndiye aliyenishonea vitambaa vya viti. Alifia hospitali ya Homa Bay, akawekwa mochari, na kwao kulikuwa ndani ndani baada ya Ndhiwa. Mvua za masika zilikuwa zimeigeuza ile njia uji. Wenye pikapu walikataa, wenye matatu wakakataa. Ndugu zake wakaja dukani, wamevua kofia. Mmoja akasema, "Jamombasa, gari yako tu ndiyo inaweza fika."

Sikungoja amalize. Kwetu jeneza hugombaniwa. Likipita njiani, muuza kahawa huweka dele chini akakimbia kutia bega, hata kama marehemu hamjui, kwa ajili ya thawabu. Nilijisikia, Mungu anisamehe, nimefurahi. Nilidhani sasa nimekuwa mtu wa pale.

Tukalifunga sanduku juu ya keria, nikapanda nalo yale matope kwa gia ya pili bila kusimama, maana ukisimama kwenye udongo mweusi ndipo unapolala. Ndugu wawili niliowabeba walishikilia kamba za sanduku kupitia madirishani. Tulipofika, wanawake walilizunguka gari kwa vilio, wanaume wakateremsha sanduku, na mama mzazi wa marehemu, kikongwe mwembamba, akanijia na jogoo mwekundu amemshika miguu. Akaninyooshea. Nyuma yake nikaona wanapakua chakula.

Nikakataa. Nilikataa kwa adabu yote niliyofundishwa. Kwetu nyumba yenye msiba haiwashwi moto siku za mwanzo. Jirani ndio wapikao, na mtu aendaye kula vya wafiwa hana haya. Nikaweka mkono kifuani, nikasema, "La, mama, mzigo mlionao unawatosha," nikaingia garini nikaondoka kabla mvua haijarudi. Kioo cha pembeni kilinionyesha bado amesimama na jogoo wake. Nikadhani ananishukuru.

Jumapili iliyofuata msoma njia wangu hakuja. Alikuja Jumatatu, akasimama mlangoni pa ua bila kuingia.

"Omera, ni kweli ulikataa jogoo?"

"Nilikataa. Ningewezaje kuchukua kuku wa mfiwa?"

Akashika kichwa. "Hiyo ni kwer. Ni mwiko kabisa. Gari ikileta mwili, dereva lazima apewe kitu, akule, ndio ile safari iishe. Wewe umetoka na mkono mtupu. Umerudi na yeye."

"Nimerudi na nani? Si nilimwacha kwao?"

"Mwili uliacha," akasema. "Ile ingine umekuja nayo. Na hii kiti ya mbele ndio unataka mimi nikae."

Nilikasirika. Nikamwita mshirikina, nikamwuliza anapimaje barabara za serikali na kichwa cha namna hiyo. Hakujibu kwa hasira, na hilo liliniudhi zaidi. Alisema tu kwamba mama yake amemkataza, mke wake amemkataza, na yeye mwenyewe akiona lile gari mwili unamsisimka. Nikaliosha gari kwa maji ya mto, nikalifukiza udi, nikasoma nilichojua kusoma. Msikitini walinicheka, wakasema achana nao. Ni rahisi kuambiwa achana nao na mtu mwenye mke nyumbani. Nikawatafuta wengine: fundi wa rangi, karani wa ghala la tumbaku, kondakta mmoja asiyeogopa hata polisi. Kila mmoja alikuwa na shughuli Jumamosi ya mbio. Mji mzima ulijua. Hata waliokuwa wakiomba niwasogeze mpaka sokoni sasa walikuwa wanapenda kutembea.

Wahenga walisema mkataa wengi ni mchawi. Mimi nilikuwa nimemkataa bibi mmoja tu, na uchawi nikaupata.

Asubuhi ya mbio nililipeleka gari mstarini hivyo hivyo. Kofia ya pili nilikuwa nimeiweka kwenye kiti cha kushoto, nikaifunga mkanda, sijui nilimtarajia nani. Msimamizi akainama dirishani. "Mwenzako?" Nikasema anakuja. Akanisogeza pembeni ili wengine wapite. Waliondoka mmoja mmoja, dereva na mwenzake, dereva na mwenzake, wengine wanabishana tangu mwanzo. Nilimwona kijana wangu wa barabara ng'ambo ya njia, katikati ya watazamaji. Aliniinulia mkono kunisalimu. Sikumwitikia. Gari la mwisho lilipopotea, watu wakaenda kunywa chai, na mimi nimekaa palepale injini inanguruma, kabureta zote mbili zinavuta sawasawa bila faida.

Ndipo hasira iliponipanda. Nilisema: jogoo, sivyo? Nitakwenda kumchukua huyo jogoo, nimlete, nimtupe mlangoni kwa msoma njia wangu, tuone atasema nini. Nikageuza gari, nikashika njia ya Ndhiwa, kinyume cha wenzangu. Udongo ulikuwa umekauka. Nilikwenda kwa kasi ambayo sikuwahi kuifikia na mtu kando yangu, na katika safari yote hiyo sikufurahi hata kona moja.

Nilipofika, boma lilikuwa kimya. Watu wote wa matanga walikuwa wamekwenda zao. Kaburi jipya lilikuwa mbele ya nyumba, na kikongwe amekaa kivulini mwa ghala lake la mtama, peke yake. Karibu naye, jogoo mwekundu amefungwa kamba mguuni, ameukwangua udongo wote ulioizunguka kamba mpaka pakawa na duara tupu. Hasira ikanitoka pale pale, sikujua imekwenda wapi.

Aliinua macho akanitambua. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Umekuja."

"Nimekuja, mama."

"Hii jogoo ni yako. Mimi siwezi kula, siwezi uza. Kila siku napatia maji." Akaivuta kamba kidogo kwa kidole. "Watu ya magari yote ilikataa mtoto yangu. Wewe ulileta yeye kwa matope. Halafu ukakataa mkono yangu mbele ya watu. Nilijiuliza, mimi nimekosea huyu mtoto nini?"

Nilikuja kudai, kumbe mimi ndiye niliyemwacha amefungwa na kamba ileile ya jogoo. Nikamwambia kwetu mambo ni namna nyingine, kwamba sikumdharau, na maneno yakawa yanatoka vibaya kama ya mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ni kweli watu wangu huchinja wenyewe. Nikasema ndiyo. Akaingia ndani akaniletea kisu.

Nilichinja, akanyonyoa, nikachota maji, nikachochea moto. Akasonga ugali wa mtama. Alipanga sahani moja, si mbili, tukakaa chini mkekani. Nilikuwa nimesahau kula na mtu kulivyo: jinsi unavyongoja mwenzako achovye, jinsi mikono inavyopishana bila kuambizana.

"Huko Migori," akauliza, "unakula na nani?"

Nilitaka kusema na marafiki. Tonge lilikuwa mkononi, na uongo haukupita. Nikasema, "Hakuna, mama. Nakula peke yangu." Na nikalia. Nililia vibaya, kwa kamasi, mtu mzima mwenye ndevu. Hakuniambia pole wala nyamaza. Alipekua mchuzi kwa vidole vyake, akaitafuta firigisi, akaiweka upande wangu wa sahani.

Nilikuwa nimekaa na watu wale muda wa kutosha kujua firigisi ni ya nani. Hapewi mgeni, hapewi dereva. Ni ya mwanamume wa nyumba. Niligeuka nikalitazama kaburi, naye aliniona nikilitazama.

Kutoka barabara kuu ikasikika ngurumo, moja, kisha nyingine, wenzangu wanarudi kutoka Homa Bay, wanashindana kuliwahi daraja.

"Ni nini hiyo?" akauliza.

"Ni magari tu, mama."

"Basi kula," akasema. "Inapoa."