Waraka Kuhusu Wapinzani wa Nyumbani

Niliacha shule Bukavu nikiwa mwaka wa pili wa sekondari. Walimu waligoma kwa muda mrefu, nikaamua kwenda kuona Ziwa Tanganyika linaishia wapi. Waliporudi darasani mimi nilikuwa Kigoma. Tangu hapo nimeishi katika miji tisa, na kila mmoja nimekaa mpaka nilipoona nimeuliza ya kutosha. Brussels nilidhani ningeimaliza kwa miezi minne. Huu ni mwaka wa sita, na sehemu kubwa ya sababu ni mpira wa kikapu wa wanafunzi wa udaktari, ambao si mzuri.

Kazi yangu ni kusukuma makasha ya mashuka hospitalini, Woluwe. Jumamosi zamu inaisha saa nane mchana. Kati ya mlango wa kufulia na kituo cha metro kuna ukumbi wa michezo wa wanafunzi, na siku moja ya mvua niliingia ili kujua kelele zile ni za nini. Kiingilio hakuna. Chini ya safu ya tatu ya mabenchi linapita bomba la maji ya moto, kwa hiyo nikakaa safu ya tatu. Niliwakuta watu watatu ambao nao walikuwa wameligundua bomba.

Wa kwanza ni mzee wa Bukavu tuliyemwita Papa. Zamani alikuwa mwamuzi, arbitre kama asemavyo mwenyewe, wa mpira wa kikapu huko nyumbani, na siku hizi anawahudumia wazee wa Kibelgiji ambao hawamzidi sana umri. Wa pili ni Maman, mwenyeji wa Lubumbashi, msaidizi wa wauguzi, ambaye alikuja akiwa bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazini. Wa tatu ni mwanafunzi kutoka Mwanza, anayesomea afya ya jamii.

Kocha pia ni mtu wa Lubumbashi. Huko alifundisha mazoezi ya viungo shuleni. Hapa, katikati ya wiki, anasukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodini hadi kwenye eksirei, na nimepishana naye mara nyingi kwenye korido. Koridoni hakuna anayemwita kwa cheo chochote. Jumamosi vijana kumi na wawili warefu, ambao baada ya miaka michache watakuwa madaktari wakuu wa korido hizo hizo, wanamwita Coach na kufanya anachosema.

Timu yenyewe haimo katika ligi. Inacheza mechi za kirafiki, na mechi hizo kocha anazitafuta mwenyewe kwa simu. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Ugenini tulifungwa na kila mtu. Nyumbani tulimfunga kila mtu, kwa sababu kila mtu alikuwa ama timu ya madereva wa tramu, ama timu ya wauza dawa wa famasi.

“Bale ba pharmacie tena?” Maman aliuliza Jumamosi moja ya Novemba, hata kabla ya kukaa. “Mwezi moya mara mbili?”

“Ushindi ni ushindi, Mama,” mwanafunzi akasema. “But honestly, yule namba nne wao amevaa miwani ya kusomea.”

“Ameifunga na kamba,” nikasema. Nilikuwa nimeshamuuliza.

“Coach anaogopa,” Papa akasema. “Mwaka muzima hatujaona équipe ya kweli humu ndani. Tunapiga bale ba tram, tunapiga ba pharmacie, alors tunajiita champions. Tukitoka inje, tunapigwa quarante points! Na temps-mort, zile za kusimamisha match kidogo, eko nazo, hatumie. Anaziweka juu ya nini? Noël?”

“Anachezesha bale bale batano,” Maman akasema. “Ule mutoto murefu wa pale mwisho anaota mizizi ku banc.”

“Schedule ni soft,” mwanafunzi akasema. “Hakuna namna nyingine ya kuisema.”

Tuliisema kwa namna nyingine nyingi, kila Jumamosi, mpaka Desemba. Kocha alikuwa amesimama mita kumi mbele yetu na mgongo wake ukitutazama.

Jumapili moja baada ya ibada tulikutana nyumbani kwa Maman, Koekelberg, kula wali na samaki. Kabla ya samaki kwisha tulikuwa tumeshakuwa chama. Papa alikuwa rais, Maman makamu wa rais na mhusika wa uhamasishaji, mimi katibu. Mwanafunzi, kwa kuwa ni Mtanzania, alipewa nafasi ya mwangalizi. Azimio la kwanza la chama lilikuwa kumwandikia kocha waraka.

“Si umwambie tu?” mwangalizi akauliza. “Yuko pale pale. Unamgusa bega.”

“Kumuambia na mudomo, ile ni kugombana,” Papa akasema. “Sisi hatugombane naye. Tunamupenda.”

Hilo ilinibidi nimweleze mwanafunzi njiani, kwa sababu alidhani ni mzaha. Kwetu, mtu unayemheshimu hupewi ruhusa ya kumnong'oneza kosa lake kama vile ni mtoto. Unamwandikia, na unapeleka nakala kwa wakubwa wote, ili ajue kwamba jambo lake limepewa uzito. Orodha ya nakala ndiyo heshima yenyewe. Barua isiyo na nakala ni kikaratasi.

Kwa hiyo waraka wenyewe ulikuwa ukurasa mmoja, na orodha ya nakala ikavuka hadi ukurasa wa pili. Papa aliisoma kutoka kichwani, mimi nikaandika: mkuu wa chuo, mkuu wa kitivo cha udaktari, mkurugenzi wa hospitali, kamati ya michezo ya wanafunzi, meya wa Woluwe, ambaye Papa alimwita bourgmestre, na padre wa parokia, huyu wa mwisho ili aombee. Kifaransa changu ni cha kusoma magazeti ya kwenye metro, lakini niliandika vizuri. Niliandika kwamba mashabiki “wanatazama kwa wasiwasi mkubwa udhaifu wa wapinzani na ubahili wa muda wa mapumziko.” Papa aliomba nimsomee sentensi hiyo mara mbili.

Wiki tatu hazikuleta jibu. Mkuu wa chuo hakujibu, meya hakujibu. Kama padre aliomba, hakutuambia. Ila kamati ya michezo ya wanafunzi ilimwita kocha ajieleze.

Alikuja kwangu Molenbeek siku ya Alhamisi mchana. Ninaishi juu ya duka la vitambaa vya mapazia, chumba kimoja. Nilimpa kiti, mimi nikakaa kitandani. Aliuweka waraka juu ya goti lake akaunyoosha kwa kiganja.

“Wewe njo uliandika?”

“Papa alisema, mimi niliandika.”

“Français yako ni ya muzuri. Ulisomea wapi?”

“Deuxième secondaire. Sikumaliza.”

“Bon. Sasa uniandikie na ya mimi.”

Nikatafuta kalamu. Alisema polepole, kama mtu anayempangia mgonjwa dawa.

“Équipe ya nguvu inakubali lundi, ikifika vendredi inakataa. Inapata match ingine, ao bus inakufa, ao inasahau tu. Salle ya michezo inabakia wazi. Na règlement ya hapa inasema: match tatu zikikufa ku mwaka moya, saa yako banaipatia bengine. Badminton banangoya ile samedi yetu tangu miaka mbili. Mwaka huu miye nilishakuwa na mbili zenye zilikufa, tangu octobre.” Alinionyesha vidole viwili. “Ba tram banakuyaka. Ata mvua, banakuya. Ba pharmacie banakuyaka. Njo tactique yangu yote ile.”

“Na Jumamosi ikienda?”

“Hakuna saa ingine. Équipe inaisha. Niko brancardier, musukuma vitanda, basi.”

“Na zile temps-mort?”

“Unaongoza na trente points, unasimamisha match juu ya kusema nini?”

Niliandika hilo pia. Kisha nikauliza swali nililopaswa kuuliza Novemba: “Coach, juu ya nini hukutuambia?”

“Hamukuniuliza,” akasema. “Mulimuuliza bourgmestre.”

Kwa hiyo kamati ilipokutana, Jumanne saa kumi na moja jioni, ilikuwa na mashtaka na utetezi, vyote kwa mwandiko wangu. Sisi wanne tulikwenda na nguo za kanisani. Mwenyekiti alikuwa msichana wa Kibelgiji anayesomea meno, aliyevaa suti ya mazoezi na kula tufaha. Mwakilishi wa badminton, yaani mpira wa vinyoya, alikaa pembeni na barua ya mistari minne, isiyo na nakala, inayoomba saa yetu.

Papa alisimama, akashukuru wakubwa waliokuwepo na wasiokuwepo, akaomba waraka ule upokelewe kama kutia moyo. Msichana alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba tangu awe kwenye kamati hakuna mtu aliyewahi kuiandikia kuhusu mpira wa kikapu, kwa wema wala kwa ubaya, na kwamba ofisi ya mkuu wa chuo imempigia simu kuuliza kuna nini. Ndiyo sababu tuko hapa.

Uamuzi wake ulikuwa mfupi. Kabla ya Pasaka kulikuwa na mechi tatu za nyumbani. Zote tatu zichezwe. Wapinzani wachaguliwe pamoja na mjumbe wa mashabiki, kwa kuwa mashabiki wameonyesha wana maoni. Ikifutwa moja tu, Jumamosi ni ya mpira wa vinyoya. Aliuliza mjumbe ni nani. Papa alininyooshea kidole kabla sijageuza kichwa.

Kocha alivaa koti lake mkono mmoja tu, akatoka hivyo hivyo.

Jumatatu nilipiga simu yangu ya kwanza kama mjumbe. Nilichagua timu ya nguvu, ya daraja la juu, kwa sababu waraka ulikuwa wangu. Wakakubali papo hapo. Alhamisi wakaandika kwamba ingefaa tusogeze hadi Mei. Niliwapigia kutoka chumba cha mashuka, kutoka metro, kutoka foleni ya mkate. Niliwaambia ukweli wote, na ukweli wote kuhusu mpira wa vinyoya, mpaka yule mtu akasema watakuja ili mradi niache kupiga simu. Walikuja na kikosi cha akiba, wakatufunga kwa tofauti ya pointi arobaini na moja.

Robo ya kwanza Papa alipiga makofi. “Voilà! Ile njo basket.” Ya pili aliweka mikono mfukoni.

“Huyu namba six atatuumizia batoto,” Maman akasema ilipofika ya tatu. “Ule wetu murefu lundi eko na examen ya anatomie. Nani alialika hawa batu?”

Wote walikuwa wananitazama.

Kwa mechi ya pili niliwapigia madereva wa tramu. Walikubali, wakaja, wakafungwa, wakaenda zao. Safu ya tatu haikutoa maoni.

Ya tatu ilikuwa Jumamosi ya kuelekea Pasaka, na niliwaita wauza dawa. Mwenyekiti wa kamati alikuja kushuhudia, na mwakilishi wa mpira wa vinyoya alikuja na raketi zake kabisa. Saa nane na nusu wauza dawa waliingia, wakatikisa miavuli, wakavua makoti. Walikuwa wanne. Duka la wa tano lilikuwa la zamu, na zamu ya duka la dawa haiachwi.

“Règlement iko wazi,” Papa akasema kwa sauti ya ukumbi mzima, huku amesimama. “Batano njo match inaanza. Bane, haianze.”

“Papa, ikala,” Maman akasema, akimvuta koti akae.

“Miye ni arbitre!”

“Ikala, nasema!”

Lakini mwenyekiti alishasikia, na akatazama karatasi yake. Kocha hakubishana. Aligeuka akaitazama safu yetu, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kitanda kilicho wazi. Maman alitazama viatu vyake. Mwanafunzi, ambaye ana urefu wa kutosha, alishika goti. “Bro, ligament,” akaniambia. “Tena mimi ni mwangalizi.”

Namba nne wa wauza dawa, yule wa miwani, alitoa fulana ya akiba mfukoni na kuuliza kama kuna anayevaa saizi ya kati.

Sijawahi kucheza mpira wa kikapu. Niliujua wote kwa kuuliza. Nilivaa fulana namba kumi na mbili na viatu vya kufulia, na kabla mpira haujarushwa kocha alinivuta pembeni. “Usikimbie sana,” akasema chini chini. “Bakia hapa ndani, mikono juu. Mutu akikuya na nguvu, sogea, bakupite. Na usianguke. Ukianguka mapema, ule dada anaweza sema haikuchezwa.” Ilikuwa mara ya kwanza kunifundisha kitu, nami nilikuwa mpinzani wake. Aliweka mkono begani kwangu kidogo, akarudi kwenye benchi lake.

Nilibaki ndani, mikono juu. Wapinzani wangu walinipita kulia na kushoto wakisema samahani. Kila nilipopata mpira safu ya tatu ilinizomea: “Numéro douze!” Mzomeaji mkubwa alikuwa Maman, mhusika wa uhamasishaji. Katikati ya robo ya tatu niliinama nikashindwa kunyooka, na kocha, akiwa anaongoza kwa pointi ishirini na nane, akaomba muda wa mapumziko. Wauza dawa walinipa maji.

Nilimaliza nikiwa nimesimama. Msichana wa kamati aliandika neno moja kwenye karatasi yake, akakunja, akampa kocha mkono na kumwambia Jumamosi ni zake mpaka mwakani. Mwakilishi wa mpira wa vinyoya alirudisha raketi kwenye mfuko wake. Kocha alikwenda kukusanya mipira. Aliikusanya yote mwenyewe, polepole, hata ile ambayo vijana walitaka kumletea.

Nilipanda hadi safu ya tatu nikaketi juu ya bomba.

“Secrétaire,” Papa akasema, “nitasema ukweli. Tumebakia na samedi yetu, Mungu asifiwe. Lakini ile équipe ya leo ilikuwa faible, bila nguvu. Faible, faible. Surtout numéro douze.”