Mto Uliolala Katika Wodi ya Watoto

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya watoto mjini Homa Bay, Metroni, mkuu wetu wa wauguzi, alinikabidhi trei ya kufungia vidonda. "Sista Dorina, hapa hatubembelezi," alisema. "Tunaosha, tunafunga, tunaenda kwa mwingine."

Nilimwamini. Bandeji aliyoifunga yeye haikulegea hata mtoto akicheza mpira.

Kisha akaletwa Atieno, wa miaka sita, kutoka upande wa Magunga. Alikuwa amemwagikiwa uji moto gotini. Kidonda cha moto kina ujanja wake: kikipona mguu ukiwa umekunjwa, ngozi hukaza na goti halinyooki tena. Kila asubuhi ilitubidi kulowesha bandeji kwa maji ya chumvi, kuibandua, kisha kuunyoosha mguu. Dawa ya maumivu tulimpa, lakini hofu haina sindano. Siku ya nne tulimshika watu watatu, na bado goti halikunyooka. Niliona aibu.

Asubuhi iliyofuata nilimwomba nyanya yake, aliyekuwa akimuuguza, amsimulie hadithi nikifanya kazi.

"Sigana mchana?" Alinitazama kama niliyemtukana. "Wewe ni Mjaluo kweli? Mtoto akisikia hadithi mchana, hakui. Anabaki tu hivi."

"Lakini vidonda tunafunga asubuhi, Dana," nilisema, nikimwita nyanya kwa Kijaluo.

"Basi hakuna hadithi."

Nikachukua mablanketi manne, nikayatundika madirishani. Chumba kikawa giza, taa yangu ndogo ikimulika goti tu.

"Usiku umeingia, Dana."

Nyanya akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha sauti yake ikabadilika. Akaanza kisa cha msichana aliyetumwa kuleta moto ng'ambo ya mto, na mto wenyewe umelala. "Ukiamka, unameza mtu. Kwa hivyo msichana anavuka bila kelele. Mguu anaunyoosha pole, pole..."

Atieno akauma midomo. Mguu ukaanza kunyooka mikononi mwangu. Mimi mwenyewe niliyasikia maji, nawaapia.

Mlango ukafunguliwa ghafla. "Sista Dorina! Nani amekufa humu?"

"Shhh!" Atieno akamkemea Metroni. "Utaamsha mto!"

Nikajua kazi imeniponyoka. Metroni akaufunga mlango taratibu, akabaki ndani. Msichana wa hadithi alipofika ng'ambo, Metroni aliniinamia sikioni. "Mablanketi ni ya wagonjwa. Nitaagiza mapazia meusi."

Atieno alikwenda nyumbani kwa miguu yake, akichechemea kidogo, goti limenyooka.

Nilipohamishiwa Kendu Bay, kisha Rongo, nilishona mapazia yangu mwenyewe. Kila muuguzi mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu alijifunza kufunga bandeji na kusimulia angalau hadithi tatu. Wengine walinung'unika kwamba hawakusomea hayo. Hata mimi sikuyasomea, lakini ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote.

Sasa nimestaafu, nafuga ng'ombe wawili. Juzi nilikuwa nimeinjika maziwa simu ikalia. Alikuwa Sista Mercy, niliyemfundisha Rongo, akinong'ona.

"Sista, mtoto ametulia, bandeji imetoka nusu, na hadithi imeniishia. Fisi ameshaingia ndani ya ngoma. Halafu?"

"Weka simu karibu na mtoto," nikamwambia. Nikaepua maziwa, nikapindua sufuria tupu magotini, nikaanza kuipiga kama ngoma.