Nilivyokwenda Kumfuata Binti Yangu Msituni

Binti yangu ni askari wa hifadhi huko Mahale, msitu mkubwa kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo gari halifiki. Alipoajiriwa, baba yake alifurahi sana, mimi nilinyamaza. Baba yake alipofariki, nikaona sasa hana budi kurudi karibu. Kahawa yetu ya Matiri ilikuwa imebaki mikononi mwangu peke yangu, na kaka zake wameshahamia Songea na biashara zao. Nilitaka aombe uhamisho. Neno kama hilo halisemwi kwenye simu, kwa hiyo baada ya mavuno nikafunga maharage, kahawa iliyosagwa na usipa, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, nikapanda basi Mbinga.

Safari ilinichosha mpaka nikaacha kuuliza tumefika wapi. Songea, Mbeya, Sumbawanga, Mpanda, kisha barabara ya vumbi, kisha boti. Si kwamba silijui ziwa. Nusu ya utoto wangu niliishi Ngumbo kwa shangazi, na mawimbi ya Nyasa nimeyazoea. Ila kule milima ilishuka moja kwa moja majini, imefunikwa na miti kutoka juu hadi chini, bila moshi wa jiko hata mmoja. Nilijikuta natafuta kwa macho mahali ambapo mtu amelima. Sikupaona.

Alinipokea amevaa sare na buti. Wenzake walimwita afande, wakaniamkia shikamoo, wakanibebea mizigo. Alikuwa amekonda kidogo, lakini anacheka upesi kuliko zamani. Nilipanga kumwambia jioni ileile. Tulipokaa kula, akaanza kunisimulia habari za nyani waliovamia jiko la kambi, na neno langu likarudi tumboni.

Asubuhi akaenda doria, nami nikabaki. Hapo ndipo tabu ilipoanza, maana mimi sijazoea kukaa. Nikafua, nikafagia, nikasugua sufuria zake zote, na jua bado halijapanda. Nyuma ya nyumba za watumishi udongo ulikuwa mweusi, laini, unameza kidole kizima. Kwetu tunachimba ngoro kwenye miteremko, yale mashimo ya kuzuia mvua isichukue udongo, tunafukia majani ili tupate weusi kidogo tu. Pale weusi ulikuwa wa bure na hakuna aliyeutaka. Mikono ikaniwasha. Nikaanza kung'oa majani, nikijiambia nitapanda maharage kidogo, mboga ya mtoto.

Askari mmoja mtu mzima akaja, akachuchumaa karibu yangu, akaomba radhi, akanieleza kwamba pale ni hifadhini na hairuhusiwi kupanda wala kung'oa. Alisema kwa adabu mpaka nikatamani angenikemea. Binti yangu aliporudi alikuwa ameshasikia. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kesho yake tutapanda mlimani pamoja nikaone sokwe.

Tulipanda na mwongozaji, njia imejaa mizizi na utelezi. Tulipowakaribia tukavaa barakoa ili tusiwaambukize mafua. Sokwe jike mzee alikuwa ameketi chini, na dume kijana anampekua manyoya, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Nikanong'ona kumuuliza binti yangu kama yule ni mwanawe. Akaitikia.

"Na wa kike wako wapi?"

"Wa kike wengi wakikua huondoka, Mama. Huenda kuishi na kundi jingine. Madume ndio wanaobaki."

Nikamgeukia. Juu ya barakoa niliona macho yake tu.

"Wewe si sokwe," nikamwambia.

Akacheka bila sauti, mabega yanatikisika, nami nikashindwa kujizuia, mpaka mwongozaji akatuashiria tutulie.

Ni wakati wa kuteremka, mwongozaji akiwa ametutangulia mbali, ndipo binti yangu aliposema mwenyewe.

"Mama, najua kilichokuleta. Wakubwa wa kazi waliniuliza kama nataka kuhamia karibu na nyumbani. Nilikataa. Baada ya msiba wakaniuliza tena, nikakataa tena."

Nikaongeza mwendo. Nilijikwaa, akanidaka kiwiko, nikamwacha anishike. Nikamuuliza kama baba yake alijua.

"Baba ndiye aliyeniambia nisije nikarudi kwa sababu ya kahawa."

Jioni nilitembea ufukweni, nikienda na kurudi, nikitaka kugombana na mtu aliye kaburini. Miaka yote tuliyolala kitanda kimoja, hakunidokeza. Hasira ilinipanda, ikashuka, ikanipanda tena, na katikati yake nikawa nawaza jinsi mtoto alivyocheka kule juu. Nyumbani kwangu alikuwa hajacheka hivyo muda mrefu.

Niliondoka mapema kuliko nilivyokusudia. Hakunibembeleza nibaki, ananijua. Alinifungia samaki wakavu, akanipandisha kwenye boti, akasimama majini na buti zake. Redio yake ikaita, akaijibu, akanipungia mkono, akageuka kwenda kazini.

Jumapili, baada ya misa, akina mama wenzangu wakaniuliza mtoto anarudi lini. Nikawaambia harudi, ana kazi yake huko. Mmoja akanipa pole. Nikamwambia hakuna msiba. Walitaka niketi niwasimulie habari za sokwe, lakini kuketi sikuweza. Nilikuwa na mibuni ya kupogoa, nikawaaga nikapanda kilima.