Sakafu ya Baba, Santuri Yangu

Nilipostaafu ualimu nilijinunulia kitu kimoja tu cha anasa: mashine ya kuchezea santuri, ya wale wenye masikio yao, nzito kama gunia la viazi. Iliteremshwa kwenye basi pale Mombo, nikaipakata kona zote za mlima mpaka Lushoto.

Nyumba yetu iko mteremkoni. Sakafu ya sebule ni ya mbao, aliitengeneza marehemu baba, ambaye alikuwa mkulima hodari wa kabichi lakini useremala hakujaliwa. Maelekezo yalisema mashine ilale sawa kabisa, basi nikamwita jirani yangu, fundi mwashi, aje na pima maji yake aone kama sakafu imelala sawa. Aliiweka sebuleni pembe zote nne, akacheka.

"Mwalimu, ukitaka mahali palipolala sawa, hamia Mazinde, kule tambarare."

Tulikata vipande vya mbao, tukaviingiza chini ya meza ya mashine kimoja kimoja mpaka kiputo cha pima maji kikatulia katikati. Halafu nikaanza kurekebisha uzito wa sindano. Usizidi gramu mbili.

Nikaweka santuri ya kwaya. Sauti zilitoka safi, hata pumzi za waimbaji ukazisikia. Ndipo mama akatoka jikoni kuja kuangalia. Mama ana miaka themanini na ushei, na hajawahi kutembea polepole. Hatua ya kwanza, mbao zikabonyea. Ya pili, sindano ikaruka.

"Hawa wameacha ubeti wa pili," alisema mama. "Ni wavivu."

"Hawajauacha, mama. Ni miguu yako."

Fundi alianza kukusanya vifaa vyake.

"Miguu yangu imefanya nini?" aliuliza mama, kisha akahamia Kishambaa, na aliyoyasema huko yabaki huko.

Kuanzia siku hiyo mama akagoma kutembea. Kila nilipowasha mashine alikaa kwenye kiti chake, akakunja mikono. "Siwezi kunyanyuka, nitawakanyaga waimbaji. Niletee chai." Nikaleta chai. Nikaleta uji, miwani, kitenge cha kujifunika, na mara moja kuku, ili amkague. Wageni waliofika aliwaamuru wakae pale pale mlangoni. Mzee mmoja wa kanisa alipokea shikamoo yangu akiwa amechuchumaa kizingitini, kofia mkononi.

Wiki ya pili nilimrudia fundi. Aliacha kabisa habari ya sakafu, akachimbia vyuma viwili kwenye ukuta wa mawe na kulaza ubao juu yavyo. Tukaihamishia mashine huko, nikashusha sindano, nikamwomba mama apite.

Hakupita. Alisimama katikati ya sebule, akakaza kitenge kiunoni, akaruka. Vikombe vikalia kabatini. Akaruka tena. Mara ya tatu fundi alishika ukuta. Kwaya ikaendelea kuimba bila wasiwasi wowote.

Nilimpigia mama makofi. Yeye alikuwa anahema, uso umemshuka.

"Kwa hiyo sasa chai nitajifuatia mwenyewe?"

Nilimtazama, nikaenda jikoni. Niliporudi na kikombe alikuwa amekaa, amefumba macho, anaimba sauti ya tatu kwa nguvu kuliko kwaya nzima, na fundi wa watu bado ameushika ukuta.