Biskuti Isiyoonjwa

Pale Kamembe ukimuulizia Maman Nzigire, watu watakusimulia mgongo wake kwanza. Mgongo ule umevusha kila kitu kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza: mihogo, ndizi, mifuko ya saruji, siku moja hata friji ya bwana mmoja wa Bukavu. Mzigo uliuinamisha, ndiyo, lakini binadamu hakuwahi. Nzigire alizaliwa ng'ambo, upande wa Bukavu, akaolewa huku, mume akamfia huku, na mtoto aliyemzaa ni mmoja tu, Eugénie.

Eugénie alikufa kwa kinywaji. Hivyo ndivyo Nzigire anavyosema, na usijaribu kubishana naye. Alikwenda kumsalimu rafiki, akapewa Fanta iliyokwisha kufunguliwa. Mwenye nyumba hakuonja, na Eugénie akaona haya kumwambia aonje. Akanywa. Tumbo likamshika, wiki haikuisha. Hospitali walitaja ugonjwa mwingine, jina refu. Nzigire alilisikiliza jina lile mpaka mwisho, kisha akaenda kumchukua maiti wake.

Maana kwetu anayekupa kitu hukionja mbele yako, ujue hakina sumu. Akileta pombe, funda la kwanza ni lake. Akileta chakula, anamega yeye kwanza. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, ila watu wa sasa wanaona haya kuidai. Nzigire alibaki na mjukuu mgongoni, Murhula, hajaacha hata kunyonya, na alipoanza tu kusema, somo lake la kwanza lilikuwa hilo.

"Mwenye kitu hajaonja?"

"Sikule."

"Hata akiwa nani?"

"Hata akiwa Papa Padiri."

Majirani walicheka. Nzigire hakucheka, alimuuliza tena kesho yake, na kesho kutwa.

Shuleni sasa, Murhula alikuwa kama jiwe. Darasa la kwanza alilirudia, na bado akiulizwa alitazama chini. Mwalimu Sibomana, aliyekuwa na watoto wamebanana kama maharagwe ndani ya gunia, alimwita bibi yake.

"Maman, huyu mutoto hana kichwa ya masomo. Akianguka tena mwaka huu, mimi simupokee."

"Kichwa iko. Ni wewe haujagonga mulango."

Lakini njiani kurudi nyumbani miguu yake ilikuwa mizito kuliko siku ya friji.

Ndipo akaja Madame Mukamazimpaka, mtu wa chuo kikuu, ambaye kazi yake ni kuchunguza watoto wanajifunzaje na akili yao inakuaje. Alitaka kufungua darasa dogo, walimu wawili, watoto wachache wa kila namna, wajifunze kwa mikono, kwa vijiti na mbegu, wapewe na chakula cha mchana, naye awafuate mwaka kwa mwaka aone wanavyokua. Ila kwanza kila mtoto apite chumbani mwake peke yake. Nzigire alielewa jambo moja: huo ndio mlango wa mwisho wa Murhula. Alimpeleka mtoto moja kwa moja kwa jirani yake Nasiba, fundi wa kushona.

"Nasiba, pima huyu. Robe ya masomo."

"Ya kalasi gani, Maman? Hajapokelewa."

"Nimesema pima."

Nasiba alimpima gauni, pini mdomoni. "Wewe hata malaika utamushonea kanzu bila kumuuliza urefu."

Siku ya siku wazazi waliketi nje, wakakatazwa kusema neno, lakini dirisha moja halikuwa na kioo. Mwana wa Nasiba aliingia kabla ya Murhula. Madame aliweka biskuti kwenye sahani, akamwambia, "Ukitaka, kula sasa. Ukingoja mpaka nirudi, utapata na ya pili." Madame hakuwa amefika mlangoni, biskuti imekwisha, na sahani imerambwa.

Nasiba alijipiga kofi la paji la uso. "Ya Allah! Watu watasema simupe chakula tangu Ramadhani."

"Mbuzi ya watu hiyo," Nzigire akanong'ona, akijizuia kucheka.

Murhula aliingia, akaketi wima, mikono mapajani. Akaambiwa maneno yaleyale. Biskuti haikutoka kwenye pakiti mbele yake, ilikuwa tayari kwenye sahani, wazi. Murhula hakuitazama. Alitazama mdomo wa Madame. Madame alitoka, akakawia, akarudi, akaweka ya pili. "Umeshinda, mtoto wangu! Zote zako, kula." Murhula akautazama tena ule mdomo. "Hutaki? Ulielewa nilichokuambia?" Mtoto akashusha macho, kama anavyofanya mtoto mwenye adabu mbele ya mkubwa. Madame akaandika kitu.

Kule dirishani Nzigire alinyoosha shingo kama jogoo. "Umeona? Ndiyo mutoto ya kulelewa, huyo! Yako imeramba sahani." Na alirudi nyumbani akiimba.

Majina yalipokuja kusomwa, mwana wa Nasiba aliitwa. Murhula hakuitwa. Nzigire alingoja watu watoke, akaingia bila kubisha.

"Ule mulafi umemuchukua, na wangu umemuacha?"

"Maman, keti. Waliokula papo hapo nimewachukua baadhi. Waliongoja pia. Murhula hakufanya hili wala lile, hata zilipokuwa zake hakugusa. Niliandika kwamba hakuelewa maneno."

"Alielewa. Ni wewe haukuonja."

Madame aliweka kalamu chini. Kisha akasema polepole, "Mimi ni wa Gashonga, hapa karibu, Maman. Mama yangu alikuwa anaonja hata maji."

"Basi unajua."

"Najua. Nilisahau."

"Muite tena. Onja mbele yake, utaona."

"Sasa ameshajua kilichomo chumbani. Kipimo hiki mtoto hupimwa mara moja tu. Na darasa limejaa, wengine wamekwisha kuambiwa."

Hapo Nzigire alipiga magoti. Mwanamke yule, kwenye saruji, mgongo ule. Madame alimwinua huku machozi yakimtoka, akasema nisamehe, nisamehe, na darasa likabaki limejaa.

Mwaka ulipokwisha Sibomana alitimiza neno lake. Siku hizi Murhula anakwenda mpakani na bibi yake, kifurushi kichwani. Robe iko bado kwa Nasiba, imekwisha kuwa fupi.

Jioni moja Nzigire alitoa biskuti kwenye pakiti, akaiweka kwenye kifuniko cha sufuria, akamsogezea mtoto.

"Kula."

Murhula akamtazama mdomo.

"Ni mimi, Koko yako. Mimi ndiyo nilikulea. Kula tu hivyo, mara hii moja."

"Koko, haujaonja."

"Nakuambia kula!"

Mtoto aliketi wima, mikono mapajani. Nzigire alingoja. Chai ikapoa, na mkono ule mdogo haukusogea. Mwisho bibi akamega kipande, akatafuna, akameza, akafungua kinywa chake kisicho na meno mengi ili mjukuu aone ndani.

Ndipo Murhula akala.