Nusu ya Kwanza ya Kitabu

Wiki iliyopita shule ya mwanangu, aliye gredi ya saba, ilitutumia wazazi kwenye simu orodha ya vitabu vya kusoma likizo. Nikaenda duka la vitabu hapa Kitengela, nikanunua vyote, muuzaji akavitia kwenye mfuko, na kabla sijafika mlangoni machozi yalikuwa yananitoka. Usinicheke. Tumejuana siku nyingi, lakini hili la utotoni sijawahi kukwambia.

Nilipokuwa darasa la saba, shule yetu, hapa hapa Kitengela, ilikuwa na vitabu vichache na wanafunzi tele. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa na dawa yake. Likizo ya Desemba ikikaribia, alichukua wembe akakipasua kila kitabu cha hadithi kwenye mgongo, akawapa watu wawili nusu nusu. Kabla ya Krismasi mnatafutana, mnabadilishana. Shule ikifunguliwa, kila mmoja anasimama mbele na kusimulia hadithi nzima tangu mwanzo. Mimi nilipewa nusu ya kwanza. Ya pili akapewa msichana wa boma.

Tulimwita hivyo kwa sababu kwao ni boma la wafugaji wa ng'ombe, ng'ambo ya mto, na alitujia akiwa mkubwa kuliko sisi, baada ya miaka ya kuchunga mbuzi. Alinukia moshi na maziwa. Sisi tulikuwa watoto wa wafanyakazi waliotoka magharibi wakapanga nyumba za mawe, na tulijiona sana. Lakini akisoma kwa sauti darasa zima lilinyamaza, na hapo ndipo roho iliponiuma, kwa sababu kabla hajaja, msomaji alikuwa mimi. Hesabu zilimshinda, na mwalimu mkuu alitaka kumrudisha la tano. Mwalimu wa Kiswahili akamtetea mpaka wakaafikiana: akisimulia kitabu chake vizuri Januari, atapanda nasi la nane. Aliambiwa hayo mbele yetu sote, kwa hiyo nilijua.

Nyumbani nilimlilia baba, akaniletea kitabu kizima kutoka mjini. Nilikimaliza kwa siku tatu, nimejilaza kwenye mkeka jikoni, nyanya yangu akikaanga omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, na kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Lo, jikoni mle mlikuwa na raha! Ile nusu ya shule haikuwa na kazi tena. Niliitia kabatini chini ya masweta.

Mwaka huo mvua ilikataa, na kina msichana wa boma wakahamisha ng'ombe kuelekea Kajiado. Siku moja kabla hatujasafiri kwenda kwetu magharibi kwa Krismasi, lori la mbuzi likasimama njia panda, naye akashuka, vumbi mpaka kwenye kope. Nusu yake alikuwa ameifunika kwa karatasi ya pakiti ya unga, safi kabisa. Nyanya akamkaribisha jikoni, akamwekea chai na viazi vitamu.

"Hii yangu nimemaliza," akaniambia. "Sasa nipatie hiyo ingine."

"Bado sijamaliza."

"Na utamaliza lini? Hiyo lori inarudi saa hii."

"Si nimesema bado?"

Akakitazama kikombe. "Basi nisomee tu pale mwanzo nikikunywa chai. Kidogo tu."

Nikasema macho yananiuma. Lori likapiga honi, akabeba nusu yake, akamshukuru nyanya mara mbili na kuondoka. Nyanya hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, hiyo roho ulitoa wapi?" Na mimi nikala kiazi alichokiacha yule msichana.

Januari ikafika. Nilisimama mbele nikasimulia mwanzo hadi mwisho, nikapigiwa makofi. Yeye, aliyekuwa amengojeshwa nje asinisikie, akaitwa akafuata. Kitabu kilihusu kijana anayemtafuta mama yake, na huko kumtafuta ndiko kulikokuwa kwenye nusu yake. Mama aliondokaje, hakujua. Akatunga. Alisema mama alienda kuchota maji kisimani wakati wa kiangazi, akaambiwa ng'ombe wanywe kwanza. Akangoja. Ng'ombe walikuwa wengi hivi kwamba akingoja, mtoto akawa mkubwa nyumbani. Nilisisimka, nakwambia kweli. Kisha nikaanza kucheka kwa nguvu ili wengine wacheke, na wakacheka.

"Hicho ni kitabu gani umesoma wewe?" mwalimu akauliza. Alionekana kuumia. Akanigeukia. "Ulimpatia nusu yako?"

"Nilimpatia, mwalimu."

Msichana wa boma alinitazama mara moja tu. Hakusema neno, na mimi nilimdharau kwa kutosema. Jumatatu iliyofuata alikuwa la tano, magoti yamekwama chini ya dawati, amezungukwa na watoto walioanza kung'oa meno juzi. Nikamtungia jina, Shosho wa La Tano, yaani bibi kizee wa darasa la tano. Jina likashika moto. Hata wale wadogo wakawa wanamwimbia kwenye foleni ya uji, na nilikuwa nikisimama kando nikisikiliza kazi yangu.

Alivumilia majuma mawili. Siku yake ya mwisho alinifuata mpaka langoni, akanipa ile nusu yenye karatasi ya unga.

"Shika," akasema. "Wewe hujasoma mwisho. Ni mzuri."

Nikaipokea. Sikumwambia kwamba nilikuwa nayo nzima nyumbani.

Sasa ng'ambo ya mto kumejengwa maghorofa, na pale lori liliposimama kuna kituo cha mafuta. Nyanya tulimzika kwao. Vitabu havipasuliwi tena kwa wembe, na mwanangu atavisoma vyote vyake peke yake, kama atavisoma. Siku za soko nimeenda Kajiado zaidi ya mara moja, nikawauliza akina mama wanaouza shanga na maziwa. Wananisikiliza kwa heshima, kisha wananiuliza swali la haki kabisa: huyo mtu wako anaitwa nani? Hapo ndipo ninapokwama. Jina alilopewa na mama yake nimelisahau. Ninalolikumbuka ni lile nililompa mimi.